Dagaa Waliokauka Siku ya Sabato

Mshika Sabato anayekausha dagaa ana adui mmoja tu, Ijumaa yenye mawingu. Siku nyingine dagaa wakichelewa kukauka unangoja kesho. Ijumaa haina kesho. Jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, Sabato imeingia, na mikono yako si yako tena mpaka lizame mara nyingine.

Recho alikuwa ameishi na adui huyo tangu ujana wake. Alikuwa mama wa makamo wa Gungu, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali. Kila alfajiri alishuka mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapotua, kununua dagaa wabichi kwa beseni na kuwaanika juu ya vichanja vyake vya nyavu. Shule hakuiona. Neno la Mungu alilipata kwa masikio, na likishaingia humo halikutoka. Mumewe alipomwacha akaenda kuoa Uvinza, Recho hakupiga yowe. Aliwaanika dagaa wa siku ile na wa siku iliyofuata, akamlea Jeremia wake mpaka akawa mwanamume wa kuendesha lori huko Mpanda. Mtaani walimwita Mama Jeremia. Kanisani alikuwa shemasi, na ndiye aliyewafundisha wasichana kuimaliza Ijumaa mapema: maji yamechotwa, nguo zimepigwa pasi, ugomvi umesuluhishwa.

Kanisa lao lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma, juu ya barabara iteremkayo mwaloni. Lilishika Sabato na lilimngoja Yesu arudi. Kumngoja kwenyewe hakukuwa maneno ya mimbarini tu. Mtu akinunua bati, wenzake walimtania, "Yesu akija kabla hujaezeka, utamwachia nani?" Walicheka, kisha siku ya kuezeka wakaja wote na nyundo. Recho aliupenda utani ule. Aliamini kwamba watu wanaomngoja mgeni mmoja lazima wapendane, maana watampokea katika nyumba moja.

Sasa ikaja Ijumaa ile. Asubuhi palikuwa na jua, adhuhuri mawingu yakatanda, alasiri ikanyesha. Recho aliwafunika dagaa wake kwa turubai, na pale turubai lilipotoboka akatandaza kitenge chake cha tausi, alicholetewa na Jeremia kutoka Mpanda, ambacho hapakuwa na kingine kama hicho mwaloni pote. Akaweka mawe pembezoni, akapanda Gungu akitetemeka. Usiku homa ilimshika. Siku ya Sabato hakwenda kanisani. Alishinda kitandani akijua kwamba kule chini dagaa wake wanachacha, na akisema moyoni, waache waoze, siku ni ya Bwana.

Jua lilipozama alijikokota kushuka mwaloni, amebeba jembe la kuwafukia. Siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hawavuliwi, zilikuwa zimeanza; mitumbwi imefungwa, ufukwe mtupu. Kwenye kichanja hapakuwa na dagaa hata mmoja. Chini ya kichanja palikuwa na gunia lililofungwa mdomo, na juu yake kitenge cha tausi kimekunjwa vizuri. Alifungua gunia. Dagaa walikuwa wamekauka, weupe, wakivunjika vidoleni kama wa jua la kiangazi.

Recho akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akapiga magoti mchangani.

Mtu mwingine angeuliza, ni nani aliyepita hapa? Recho hakuuliza. Maisha yake yote alikuwa ameitunza Sabato, na hakuona ajabu Sabato nayo kumtunza. Jumatano, kwenye maombi ya jioni, homa imemtoka, alisimama akatoa ushuhuda. Alisimulia mvua, turubai, homa, gunia. "Mimi sikugusa kitu," alisema. "Bwana mwenyewe amenikaushia dagaa."

Watu wakaitika amina. Mtu mmoja hakuitika.

Huyo alikuwa Eufrasia, mtengeneza sabuni za mawese wa Katubuka, rafiki wa Recho tangu usichana. Walibatizwa ziwani siku moja, mmoja akimshikia mwenzake khanga kavu. Eufrasia alisimama polepole.

"Dada Recho, uongo mwingine tungeuacha upite. Huu umemtaja Mungu."

"Uongo gani?"

"Sabato asubuhi, nikija kanisani, nilitazama chini mwaloni nikakuona. Umeinama kwenye kichanja chako unageuza dagaa. Umejifunga kile kitenge chako cha tausi."

"Nilikuwa kitandani, nina homa."

"Basi homa yako ilijifunga kitenge ikaenda mwaloni."

Kanisa likacheka. Halikukusudia, lakini lilicheka. Hata baadaye, kilichomchoma Recho zaidi ya hukumu yenyewe kilikuwa kicheko kile.

Baraza la kanisa lilimwita. Mzee Castory, mzee wa kwanza wa kanisa, mtu mpole asiyependa makelele, alimwambia kwamba akikiri tu mambo yataisha kwa karipio dogo. Recho alijibu, "Nikiri nini? Nikiri homa?" Walipomsihi tena aliwaambia kwamba hawana macho, na kwamba kipofu akimwongoza kipofu yeye hatashika mkono wao. Maneno hayo ndiyo yaliyomponza kuliko dagaa. Sabato iliyofuata kura ilipigwa, mikono ikainuka, na wa Eufrasia ulikuwamo. Recho akaondolewa ushirika.

Wengi wakiondolewa huhama, wakatafute kanisa jingine au wabaki nyumbani. Recho hakuhama. Kila Sabato alikuja, akaketi karibu na mlango, akaimba nyimbo zote kwa sauti ile ile, na kabla ya baraka ya mwisho akatoka ili asishikane mkono na mtu. Robo ya mwaka ilipotimia na meza ya Bwana ikaandaliwa, alisimama mbele ya wote akaenda zake, kisigino kikigonga sakafu. Alitaka wamwone akitoka.

Na bado alimngoja Yesu. Alimngoja kuliko zamani. Ila kungoja kwake kulibadilika, kama maziwa yanavyobadilika ndani ya kibuyu bila mtu kuyagusa. Zamani alipofikiria siku ile aliwaona wafu wakiinuka, mamaye miongoni mwao. Sasa alimwona Eufrasia. Aliona mawingu yakipasuka juu ya ziwa, kanisa zima limesimama ufukweni, na sauti ikisema mbele ya mataifa, "Recho hakugusa dagaa." Akauona na uso wa Eufrasia. Picha hiyo alilala nayo na kuamka nayo. Akigeuza dagaa alikuwa nayo. Ilimtia joto, lakini hakuna kitu kilichopikika juu ya moto ule.

Miezi ikapita hivyo, hadi Mwanvua aliporudi.

Mwanvua alikuwa Mwislamu wa Ujiji, na kichanja chake kilipakana na cha Recho. Jumapili ile baada ya mvua alikuwa ameitwa Kalya kwa mtumbwi wa alfajiri. Binti yake Shadia alijifungua kwa shida, na mama hakumwacha mpaka mtoto alipoanza kutembea. Alirudi amenenepa, na vicheko vyake vile vile.

"Mwakeye, Mama Jeremia. Mbona umekonda? Yesu wenu hajafika tu?"

"Hajafika. Nawe umenenepa. Huko Kalya mnakula nini?"

"Migebuka na uvivu." Mwanvua alivua kandambili, akaanza kunyoosha wavu wa kichanja chake uliolegea. "Na wale dagaa niliokukaushia, waliuzika? Hata asante hukunipigia."

Mkono wa Recho ulisimama. "Dagaa gani?"

"Wale wa ile Jumamosi. Nilipita nikaona turubai lako linatoa mvuke, nikasema hawa mpaka jioni watakuwa mbolea. Nami najua siku yako hiyo hushiki hata kijiko. Nikawafunua, nikawageuza weee, jioni nikawatia guniani. Khanga yangu ililowa, nikajifunga kitenge chako. Nilikirudisha, usinidai."

Recho aliketi chini, pale pale penye magamba ya samaki.

"Mimi nilisema ni Mungu," alisema.

Mwanvua akacheka mpaka akashika mbavu. "Hukukosea sana. Ila mgongo ulikuwa wangu, na mpaka leo unauma."

Ndipo Recho alipomsimulia. Ushuhuda, kicheko, baraza, kura. Kadiri alivyosimulia, Mwanvua alizidi kumsogelea, na mwisho akawa amekaa naye mchangani, wameegemeana mabega.

"Kwa ajili yangu," Mwanvua alisema. "Mtu umetendewa wema ukafukuzwa kwa wema. Huyo mzee wenu anakaa wapi? Nakwenda leo."

"Usiende."

"Kwa nini?"

"Yesu atawaambia mwenyewe, akija."

Mwanvua alimgeukia akamtazama sana. "Mama Jeremia, mimi dini yako siijui. Lakini naona wewe humngoji Yesu. Unamngoja hakimu wa mahakama ya mwanzo." Akainuka, akakung'uta mchanga, akaenda.

Neno lile lilimuudhi Recho siku nzima.

Mwanvua alimweleza mzee Castory yote, barazani kwake, mkewe akisikia. Sabato iliyofuata, baada ya matangazo ya kwaya na ya mchango wa madirisha, mzee Castory alisimama akasema, "Baraza limeona vema, kwa upendo, kumrudisha dada yetu Recho ushirikani. Yaliyopita si ndwele. Tuseme amina."

Wakasema amina. Wanawake kadhaa waligeuka wakamtabasamia Recho pale mlangoni, tabasamu lile la kumkaribisha mtu aliyetubu. Recho alihisi ameondolewa mara ya pili. Hakuna aliyesema kwamba hakugusa dagaa. Alikuwa amesamehewa kosa ambalo hakulitenda, na msamaha huo ulikuwa mchungu kuliko adhabu.

Mzee Castory alimfuata mwaloni siku ya Jumatatu, akikanyaga kwa uangalifu ili viatu visilowe.

"Shikamoo, mzee," Recho alisema bila kuacha kazi.

"Marahaba, mama. Sabato hii ni meza ya Bwana. Tungefurahi kukuona."

"Mlisema mmenirudisha. Nilikuwa nimekwenda wapi?"

Mzee alikohoa. "Mwanvua alitueleza. Tulihuzunika."

"Basi semeni hivyo mbele ya watu. Semeni tulikosea."

"Mama Jeremia, kanisa likianza kusimama mbele na kumwambia kila mtu tulikosea, tutamaliza lini? Na Eufrasia tutamweka wapi? Aibu itampata."

"Aibu yangu mliiweka wapi, mzee?"

Castory alitazama ziwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kufunika mambo kwa upole, kama afunikavyo mtu chungu kinachochemka, akidhani kifuniko ndicho dawa. "Bwana yu karibu," alisema mwishowe. "Tusikutwe tunagombana."

"Atakapokuja ataanzia kwenye ugomvi huu huu," Recho akamjibu. Mzee akaaga.

Ijumaa, wakianua dagaa, Mwanvua aliuliza hiyo meza ya Bwana ikoje. Recho akamweleza kwamba kabla ya mkate watu hutawadhana miguu, wanaume kanisani, wanawake kwenye darasa la watoto, wawili wawili, kila mmoja na mwenzake.

"Kumbe," Mwanvua alisema. "Sisi tunajitawadha wenyewe mara tano kwa siku. Ninyi mnangoja mwenzio akutawadhe mara nne kwa mwaka. Miguu yenu ina subira."

"Si kwa ajili ya usafi."

"Ni kwa ajili ya nini?"

Recho alifunga gunia. "Ni kwamba humwoshi mtu miguu huku umemnunia."

"Basi wewe kesho utaosha ya nani?"

Recho alijitwika gunia, akapanda Gungu.

Sabato ile alikwenda akiwa ameazimia kutoka kama desturi yake. Lakini mahubiri yalipokwisha na wanawake wakaanza kuelekea darasani, miguu yake iliwafuata. Pengine alitaka tu kuwaonyesha kwamba ana haki ya kuingia. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani, viatu mguuni. Darasa lilijaa sauti ya maji yakimiminwa na minong'ono ya wanawake wanaoitana, njoo dada, njoo mama, leo wewe na mimi. Wawili wawili waliinama na kuinuka, wakakumbatiana.

Hapo ndipo alipoona kitu ambacho hakukitazamia. Eufrasia alikuwa amesimama katikati ya chumba, beseni mkononi na taulo begani, na hakuna aliyemwita. Habari za Mwanvua zilikuwa zimepita nyumba kwa nyumba. Wanawake wale wale waliocheka sasa walimpita Eufrasia bila kumtazama, kana kwamba kura waliyopiga pamoja ilikuwa yake peke yake. Recho alikijua kile kisimamo. Alikuwa amekisimama mwaka mzima. Alitarajia kimfurahishe, na kwa kitambo kidogo kilimfurahisha kweli.

Eufrasia akaja, akaliweka beseni mbele yake, akapiga magoti.

Recho akairudisha miguu chini ya kiti. "Niache."

"Nikuache niende kwa nani? Wote wana wenzao."

"Ungefikiri hayo siku ile."

"Siku ile sikufikiri." Eufrasia aliongea akiyatazama maji. "Sikiliza, halafu unifukuze. Niliona kitenge. Uso sikuuona, alikuwa ameinama, na palikuwa mbali. Niliona kitenge tu. Halafu Jumatano uliposema Mungu amekukaushia dagaa, nilichukia. Mimi mwaka ule mawese yangu yaliharibika, nikaomba, sikujibiwa. Nikajiuliza kwa nini yeye. Ndipo nikasema nimekuona. Nikalisema mbele ya watu, na nilipokwisha kulisema nikaanza kuliamini."

Maji katika mabeseni ya jirani yalikuwa yamenyamaza. Chumba kizima kilisikiliza huku kikijifanya kinakausha vidole.

Recho alitafuta maneno aliyoyaandaa mwaka mzima. Yalikuwa mengi, mengine aliyapamba sana usiku. Lakini aliyaandaa kwa ajili ya mwanamke aliyesimama, na huyu alikuwa amepiga magoti, nywele zake zimeingia mvi mbele ambazo mwaka jana hazikuwako. Alivua viatu. Eufrasia akamwosha miguu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, akipitisha kidole taratibu kwenye nyufa za kisigino zilizochimbwa na mchanga wa moto.

Wakabadilishana nafasi. Recho alipiga magoti, akashika mguu wa Eufrasia, akakwama.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Sijakusamehe wote. Kipande tu."

"Osha hivyo hivyo."

Akaosha hivyo hivyo. Hakuosha kwa upole. Alisugua kama mtu asuguaye sufuria, na Eufrasia hakulalamika. Alipomaliza kukausha alisema, bado yuko chini, "Lakini waliocheka walicheka kanisani, Eufrasia. Hapa ni darasa la watoto."

Eufrasia alichukua taulo, akalikunja. "Haya," akasema.

Walirudi kanisani. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefunuliwa juu ya mkate, na mzee Castory alikuwa amefungua kinywa atangaze wimbo, Eufrasia aliposimama. Mzee alimpungia mkono akae. Hakukaa. Alikuwa pekupeku, viatu amevisahau darasani, na sauti yake haikutoka vizuri.

"Ndugu, mimi ndiye niliyesema nimemwona Recho mwaloni. Sikumwona. Niliona kitenge. Alikuwa na homa kama alivyosema, na aliyegeuza dagaa ni Mwanvua. Nilisema uongo nanyi mkapiga kura juu ya uongo wangu. Anayetaka kucheka leo anicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Mahali fulani mtoto alikuwa akilia, na waliokaa nyuma walikuwa wakiulizana amesemaje, amesemaje. Mzee Castory aliinamisha kichwa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nasi tulikosea, mama," bila kutaja jina, lakini akimtazama Recho. Kisha akautangaza wimbo, maana hakujua lingine la kufanya.

Ndivyo ilivyotokea. Hapakuwa na mawingu yaliyopasuka wala mataifa yaliyokusanyika. Lile jambo ambalo Recho alimwekea Bwana alifanye siku ya mwisho lilikuwa limefanywa na mwanamke wa Katubuka, pekupeku, katikati ya kilio cha mtoto, na nusu ya watu hawakusikia. Lilikuwa dogo kuliko alivyoliota. Alijiuliza sasa atakuwa akimngojea nini. Picha ile ya ufukweni aliitafuta, akaukuta uso wa Eufrasia umefutika humo, na nafasi yake iko wazi, bado haina mtu. Alimfikiria mamaye.

Mkate ukapitishwa. Eufrasia, aliyeketi kando yake, alimshikia sahani. Recho akachukua kipande, akakitia kinywani. Hasira ilikuwa bado iko, imepungua, haijaisha, na alijua Jumatatu itamrudia akiwa juani na mikono imejaa dagaa. Kama Yesu angekuja saa ile angemkuta hivyo hivyo, mkate haujamezwa, bega lake likigusana na bega la mtu ambaye alikuwa amemsamehe kipande tu. Akaona si vibaya sana kukutwa hivyo. Akatafuna.